Nanga Isiyogusa Chini: kisa cha boti iliyozimika usiku Ziwa Tanganyika

Kisa na wahusika wake

Kisa hiki kilitokea upande wetu wa Ziwa Tanganyika, kusini ya mji wa Kigoma, katika miezi ya upepo wa kusi. Majina ya watu, ya boti na ya vijiji nimeyaondoa, na mwaka sitautaja. Saa na mfuatano wa mambo nimeviweka kama nilivyosimuliwa na watu wanne waliokuwa kwenye boti na wawili waliokuwa nchi kavu. Pale masimulizi yalipopishana nimefuata simu, maana ujumbe mfupi una saa yake na haubishani na mtu.

Nawaita hivi. Nahodha: zaidi ya miaka ishirini ziwani. Kijana: msaidizi wake, aliyewahi kuvua dagaa, ana miaka thelathini na minne na watoto watatu, lakini kwenye boti ukiwa si nahodha basi wewe ni kijana. Mwalimu na Mama wa Mawese: abiria. Shemeji: ndugu wa mke wa Nahodha, mpokeaji wa mizigo mjini. Mwenyekiti: kiongozi wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi, katika mwalo (mahali boti zinapofikia pwani) uliokuwa karibu zaidi na tukio. Mwenye boti naye yumo, kwa kifupi.

Nimeandika kwa ajili ya manahodha, lakini zaidi kwa wanaobaki mwaloni.

Ziwa, boti na mwezi

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na upana wa wastani wa kilomita 50. Kina chake kinafika mita 1,470, na duniani ziwa linalolizidi kwa kina ni Baikal la Urusi peke yake. Kwa nahodha, hiyo namba ya kina si ya kukariri darasani. Ule mlima unaouona ukiteremka hadi majini haukomei pale kwenye mawe. Unaendelea kuteremka chini ya maji vilevile. Sehemu nyingi za pwani hii, ukitoka kilomita moja au mbili tu, chini yako kuna mamia ya mita.

Kusi huvuma kuanzia Mei hadi Septemba, likitokea kusini mashariki. Ziwa nalo limelala kusini kwa kaskazini, kwa hiyo wimbi linapata uwanja mrefu wa kukua kabla halijakufikia.

Boti ilikuwa ya mbao, mita kumi na mbili, injini moja ya kupachika ya farasi 40. Injini ya akiba haikuwepo. Ilibeba watu 14: abiria 11, wakiwemo watoto wawili, na wahudumu watatu. Chini palipangwa madumu 22 ya mawese, juu yake magunia 15 ya mihogo mikavu, na juu ya magunia baiskeli moja. Petroli ilikuwa madumu matatu ya lita 20: mawili yalinunuliwa mjini, la tatu kijijini, kwa mtu anayeuza nyumbani.

Halafu mwezi. Ulikuwa mpevu. Wenyeji wa mialo ya Kigoma wameshaelewa. Kwa wengine nifafanue. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haivuti samaki kukiwa na mbalamwezi. Siku za giza, ziwa usiku linawaka kama mji mwingine ulioko mbele ya mji. Siku za mbalamwezi wavuvi wanapumzika, nyavu zinashonwa, injini zinafunguliwa na kufungiwa stoo. Mtu akipatwa na shida usiku wa giza, taa zimemzunguka. Akipatwa usiku wa mbalamwezi anaona vizuri sana kwamba yuko peke yake.

Mambo yalivyofuatana

Safari ilipangwa saa 4 asubuhi. Jana yake Nahodha alimpigia Shemeji: tunaondoka saa 4, saa 10 jioni tuko hapo, njoo na mkokoteni. Asubuhi mawese hayakuwa yamefika mwaloni. Wakasubiri. Boti iliondoka saa 9 alasiri. Kijijini hapo mtandao haushiki mpaka upande kilimani, na hakuna aliyepanda kumwambia Shemeji kwamba saa zimebadilika.

Saa tatu za mwanzo hazina la kusimulia. Walipofika kwenye ghuba moja pana, Nahodha hakufuata pwani. Aliikata moja kwa moja kuokoa mafuta. Saa 12:40 jioni, wakiwa kilomita sita au saba kutoka nchi kavu, dumu la pili liliisha. Kijana akahamishia mpira wa mafuta kwenye dumu la tatu, akapampu, injini ikaitika. Dakika nne baadaye ikakohoa, ikanguruma kidogo, ikazima.

Walivuta kamba ya kuwashia hadi viganja vikachubuka. Nahodha akahisi plagi zimelowa. Plagi ya akiba ilikuwepo, mpya, bado kwenye boksi lake. Spana ya plagi haikuwepo. Ilikuwa imeazimwa na boti nyingine wiki iliyopita. Kijana akatumia plaizi. Anasimulia: aliibana plagi ya juu, akaizungusha robo, ikakaza, akaongeza nguvu, plaizi ikateleza, akasikia *tak*, na kipande cheupe cha kauri kikadondokea majini mbele ya macho yake. Kuanzia hapo hata petroli safi isingeisaidia injini ile.

Boti isiyo na injini inageuka yenyewe kuliwekea wimbi ubavu. Maji yakaanza kuingia. Nahodha akaamuru nanga itupwe. Kamba ilikuwa na mita 40. Ikaisha yote, ikabaki imening'inia wima kama kamba ya kisima, na boti ikaendelea kuyumba ubavu ubavu. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Imeshika?" Hakujibiwa.

Hapo ndipo Kijana alipofanya jambo ambalo kwa maoni yangu liliokoa watu wengi kuliko jingine lolote usiku ule. Aliivuta nanga, akachukua kipande cha wavu mkuukuu waliofunikia mizigo, akakifunga kama mfuko pamoja na ndoo mbili za kuchotea, nanga akaiacha humo humo ili mzigo uzame kidogo, kisha akaurudisha majini kutokea mbele ya boti kwa kamba ile ile ya mita 40. Mfuko ukajaa maji ukawa mzito. Upepo unaisukuma boti, mfuko unakataa kwenda, na boti ikageuka taratibu ikaelekeza pua kwenye wimbi. Yeye aliiita breki. Babu yake alifanya hivyo kwa kapu.

Zilibaki ndoo moja na sufuria mbili za kufulia maji, yaani kuyatoa botini. Wakapangana zamu.

Kwenye saa 2 Nahodha akaamua magunia yatupwe. Majaketi ya kujiokolea yalikuwa manane kwa watu 14, na matano kati ya hayo yalikuwa chini ya magunia hayo hayo, yamefungwa kwa kamba yasipotee. Yalipatikana pale magunia yalipoondoka. Watoto walivalishwa ya watu wazima, yakafungwa kwa leso kupita katikati ya miguu yasiwatoke kichwani wakiingia majini. Waliokosa walipewa madumu matupu ya petroli na ya maji ya kunywa, vifuniko vikikazwa kwa meno.

Simu zilikuwa tisa. Kila mwenye simu alikuwa akipiga nyumbani, na hakuna aliyepata. Mwalimu alisimama katikati akiwa ameshika ubavu wa boti, akazikusanya. Zote akazizima isipokuwa mbili, ya kwake na ya Mama wa Mawese, ambayo ilikuwa ya batani na chaji imejaa. Akazitia kwenye kopo la siagi lenye mfuniko. Kila baada ya robo saa anafungua, anainua mkono juu, anatazama kama alama ya mtandao imetokea hata moja.

Saa 3:10 usiku ujumbe huu uliondoka kwenda kwa Shemeji. Nimeuona:

"Injini imekufa saa 12.40. Tuko 14 watoto 2 wote wazima. Tuko mbele ya ghuba tuliyoikata, km 7 toka nchi kavu, upepo unatupeleka kaskazini magharibi. Hatuwezi kupiga. Tutawasha tochi kila robo saa. Tafuta boti."

Shemeji aliusoma saa 3:40. Kuanzia saa 10 jioni alikuwa amewasubiri, saa 12 amepiga simu bila kupata, saa 2 amekula akalala. "Nilijua amechelewa kama kawaida yake," aliniambia, na hakuonekana kujivunia.

Alimpigia kwanza mwenye boti, ambaye alijibu kwamba ziwa usiku ni hatari, wasubiri kukuche. Akapiga 112, polisi wakachukua maelezo. Kisha akakumbuka kwamba mwalo ulio jirani na ile ghuba ni wa Mwenyekiti, ambaye alikuwa anamfahamu kwa biashara ya dagaa.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba. Nani anakufa saa hizi?"

"Bado hawajafa."

Mwenyekiti alitoka na tochi, akagonga milango. Watu walipatikana; injini zilikuwa stoo na mwenye ufunguo alikuwa msibani kijiji cha pili. Petroli ilichangwa lita tatu hapa, tano pale, moja ikanyonywa kwenye pikipiki. Boti mbili zikaingia majini saa 6:20 usiku.

Kwenye boti, muda huo, vijana wawili walikuwa wanabishana na Nahodha. Mwezi ulikuwa juu na mlima ulionekana karibu mno, mpaka miti ya kileleni inahesabika. Wanajua kuogelea, wana madumu, waache waende wakalete msaada. Mmoja hakungoja jibu. Alirudi baada ya muda usiozidi dakika kumi, ameikumbatia kamba ya breki, hana sauti. Mwenzake hakuuliza tena.

Waokoaji walifika mahali palipotajwa kwenye ujumbe, hawakuona kitu. Wakaelekea kaskazini magharibi. Kila robo saa walizima injini zote mbili wakasikiliza. Saa 9:50 usiku, injini zikiwa zimezimwa, mtu mmoja akasema anasikia sufuria inagongwa.

Maamuzi na sababu zake

Kuondoka saa 9. Nilimuuliza Nahodha kama alisikia taarifa ya hali ya hewa. Alisikia: Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa angalizo la upepo na mawimbi kwa Ziwa Tanganyika. Akanijibu kwamba miezi ya kusi angalizo ni la kila mara, angelitii lote angekaa nyumbani mpaka Oktoba. Sitamcheka. Angalizo ndiyo ngazi ya chini. Juu yake kuna tahadhari, na juu kabisa tahadhari kubwa. Halikukatazi kusafiri. Lakini likitoka, lingepaswa kubadilisha kitu: saa ya kuondoka, umbali toka pwani, kiasi cha mafuta. Siku ile hakuna kilichobadilishwa isipokuwa saa, tena kwa ubaya.

Kukata ghuba. Sababu ilikuwa mafuta, na hesabu yake ilikuwa sahihi: lita 60 zilitosha kufika, kwa shida. Wenye boti za burudani wana kanuni ya theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Sijakutana na boti ya mizigo Kigoma inayoifuata, na nikitazama bei ya petroli naelewa. Ila mtu asiye na akiba ndiye hasa anayepaswa kubana pwani, kwa kuwa akizimikiwa karibu ana mahali pa kupiga kasia. Nahodha alifanya kinyume: alilipia upungufu wa mafuta kwa umbali.

Kutupa mizigo. Hili alilifanya vizuri, na wengi hulikosea. Madumu ya mawese yalikuwa mazito zaidi, na abiria walitaka yaende kwanza. Mama wa Mawese alikuwa ameyakalia. Nahodha aliyaacha, si kwa kumwogopa, au si kwa hilo tu. Yalikuwa chini kabisa na yanaituliza boti. Tena mafuta ni mepesi kuliko maji, dumu la mawese likifungwa vizuri linaelea. Mihogo ilikuwa juu, inalewesha boti, na inakunywa maji: gunia lililopanda boti likiwa kilo themanini, saa 2 usiku lilikuwa linanyanyuliwa na watu watatu. Yakatupwa magunia tisa.

Kutopandisha turubai. Saa 6 usiku Nahodha alitaka kuvuta breki, kusimika pondo mbili na kufunga turubai kama tanga, boti ikimbie na upepo. Zamani boti za ziwa hili zilikwenda kwa tanga, na yeye alianzia huko. Mwalimu akapinga: tumeshawaambia tuko wapi, tukiondoka tutawaponza wanaotutafuta. Nahodha akakubali, ingawa kwa manung'uniko. Nadhani Mwalimu alikuwa sahihi kwa sababu moja tu, kwamba ujumbe ulikuwa umefika. Usingefika, ningemuunga mkono Nahodha. Chombo ambacho hakuna anayekitafuta lazima kijitafutie nchi kavu.

Kubaki kwenye boti. Agosti 1979, mashua za matanga zilizokuwa kwenye mashindano ya Fastnet, kati ya Uingereza na Ayalandi, zilikumbwa na dhoruba. Washiriki 15 walikufa. Mashua 24 zilihamwa na watu wake, wengine wakakimbilia maboya ya mpira. Dhoruba ilipopita, tano tu ndizo zilizokuwa zimezama. Tangu hapo mabaharia wa matanga wanafundishwa kwamba kwenye boya la kuokolea mtu anapanda, hateremki: chombo kiwe kimeshazama chini ya miguu yako. Boti ya mbao iliyojaa maji hadi ukingoni mara nyingi bado inaelea, na kutoka juu inaonekana kuliko kichwa cha mtu. Yule kijana aliyerudi kwenye kamba aliniambia kwamba alipokuwa majini, mlima haukuwepo tena. Kulikuwa na wimbi mbele na wimbi nyuma.

Matokeo

Watu wote 14 walifika wazima, saa 1:30 asubuhi, jua la Kigoma likiwa ndio kwanza linatoka. Mtoto mdogo alikuwa anatetemeka na haongei. Alipewa uji akaanza kulia, watu wakashangilia. Maji ya juu ya ziwa hili ni vuguvugu, nyuzi 25 hivi, na watu hudhani hapo hakuna baridi. Lakini mwili una nyuzi 37, na maji yanapora joto haraka kuliko hewa mara nyingi. Mtoto aliyelowa akapigwa na kusi saa kumi na moja hana haja ya barafu.

Jeraha baya lilitokea wakati wa kuokolewa. Boti zilipokaribiana, abiria mmoja alishika ukingo wa boti ya waokoaji kwa kuivuta, wimbi likazigonganisha. Kidole cha kati kilikatwa pingili moja hospitalini. Kosa la pili lilikuwa kamba ya kuvutia: ilifungwa kwenye benchi la mbele, benchi likang'oka. Mara ya pili wakaizungusha kamba kwenye boti yote, ikipita chini ya pua yake, wakavuta polepole.

Hasara: magunia tisa ya mihogo, plagi, benchi. Baiskeli ilipona, sijui kwa nini haikutupwa. Kila niliyemuuliza alicheka.

Uchambuzi: kilichofaa

Breki ya Kijana, kwanza kabisa. Nanga ya mita 40 juu ya maji ya mamia ya mita ni pambo. Sisemi isibebwe, inafaa mwaloni na kwenye vina vifupi. Nasema nahodha wa Tanganyika anayehesabu nanga kama kifaa cha dharura cha katikati ya ziwa amejidanganya. Mfuko wa wavu, kapu, ndoo, hata gunia lililotobolewa kidogo, kwa kamba ndefu kutokea mbele: hiyo ndiyo nanga ya huku. Ilifanya kazi mbili. Ilizuia wimbi la ubavuni, na ilipunguza mwendo wa kupotea: tangu ujumbe utumwe hadi walipopatikana, kama saa sita na nusu, boti ilisogea kilomita saba hivi. Bila breki waokoaji wangekuwa wanatafuta eneo kubwa mno kwa lita walizonazo.

Pili, Mwalimu na kopo lake la siagi. Mashua zinazovuka bahari kuu hubeba kifaa kinachorusha ishara ya dharura kwa setilaiti kwa masafa ya 406 MHz, pamoja na redio ya VHF yenye chaneli ya 16 ya dharura. Kwenye boti yetu setilaiti ilikuwa simu ya batani. Mwalimu aliitendea inavyostahili: chaji ikatunzwa, ikakingwa maji, na ikatumwa maandishi badala ya sauti. Maandishi yanahitaji mtandao wa sekunde chache tu. Simu ya kuongea inahitaji ubaki. Tazameni pia alichoandika. Tatizo na saa yake, idadi ya watu, mahali, upepo unaelekea wapi, ishara gani itafutwe, na ombi moja. Hakuna "tuombeeni". Nilimuuliza alijifunza wapi. Akasema anasahihisha insha.

Tatu, waokoaji kuzima injini. Mwezi mkali unaimeza tochi ndogo, na ndivyo ilivyokuwa: waliisikia sufuria kabla ya kuona mwanga wowote. Filimbi ya bei rahisi ingesikika mbali zaidi na isingechosha mkono.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Petroli. Tulimimina kilichobaki kwenye dumu la tatu ndani ya chupa ya maji ya kunywa, tukaiacha mezani. Baada ya dakika tano mstari ulijichora wazi: juu petroli, chini maji, vidole viwili. Maji ni mazito, hukaa chini, na mpira wa mafuta hunyonya chini. Kipimo hicho kingefanyika mwaloni kwa chupa iliyookotwa. Sikitaji kama somo la ufundi. Nakitaja kwa kuwa safari nzima ya usiku ule, pamoja na kidole cha mtu, ilitoka kwenye chupa ambayo haikujazwa.

Majaketi. Manane kwa watu 14 ni kosa lisilohitaji uchambuzi. La kuchambua ni yale matano yaliyokuwepo na hayakuwepo. Yalifungwa kwa kamba chini ya mzigo ili yasiibiwe. Nahodha aliyalinda dhidi ya wezi kwa uangalifu kuliko alivyowalinda abiria dhidi ya maji, na sidhani kama yuko peke yake. Nimeingia boti nyingi ambazo majaketi yako kwenye hali nzuri kabisa kwa sababu hayajawahi kuguswa. Lililovaliwa tangu mwaloni halihitaji kutafutwa gizani.

Lakini kosa ninaloliona kubwa kuliko yote halikutokea majini. Shemeji aliambiwa saa 10 jioni. Boti haikufika, akatakiwa kushtuka, hakushtuka, kwa sababu boti hiyo haijawahi kufika kwa saa iliyosema. Saa ya kufika ni ishara ya dharura pekee inayojipiga yenyewe hata kama simu zote zimezama. Nahodha aliiua mwenyewe, miaka mingi kabla ya usiku ule, kila alipochelewa bila kusema. Kama Mwalimu asingepata ile alama moja ya mtandao, Shemeji angeamka asubuhi, angepiga mswaki, angepiga simu, na saa 3 au 4 ndiyo angeanza kuuliza watu. Boti ingekuwa imekaribia katikati ya ziwa, upande wa Kongo.

Mtu angepanda kile kilima mchana na kutuma "tunaondoka saa 9, tutafika saa 3 usiku, ikifika saa 5 hatujafika tafuta". Ni mwendo wa dakika ishirini, nimeupanda.

Na mwaloni. Saa 3:40 hadi saa 6:20 ni saa mbili na dakika arobaini kati ya habari kufika na boti kuondoka. Ujasiri haukupungua, waliogongewa waliamka. Kilichokosekana ni ufunguo na petroli. Hapo mbalamwezi inahusika moja kwa moja: tumezoea kwamba waokoaji wa ziwa hili ni wavuvi, na kwa kuwa wapo kila usiku wa giza hatujawahi kujipanga kwa usiku ambao hawapo. Wakati serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, pengo hilo hilo lilikuwa la miezi mitatu mfululizo, na ni miezi ya kusi. Kufunga kuna sababu zake na sizipingi. Abiria na mizigo waliendelea kusafiri, macho ya ziwani yakapungua.

Petroli ya uokoaji ina aibu yake. Zilitumika lita 46. Kila aliyechangia lita zake alitaka kujua nani atamrudishia, na ni haki yake, maana ndiyo mtaji wa safari ijayo. Mwenye boti alilipa nusu baada ya wiki tatu za kufuatwa. Nusu nyingine haijalipwa hadi naandika. Mzee mmoja pale mwaloni aliniambia bila kupepesa macho kwamba mara nyingine atakuwa amelala usingizi mzito.

Kilichobadilika

Nahodha ameweka chujio la mafuta na amenunua spana mbili. Breki ya wavu imeshonwa rasmi na inakaa mbele, Kijana hamruhusu mtu kuikalia.

Mwaloni kwa Mwenyekiti kuna dumu mbili za petroli zilizofungwa kwa lakiri, na kila boti ya mizigo inayotoka inachangia Sh 500 kuzijaza zikitumika. Kila mbalamwezi injini moja haiingii stoo. Na kuna daftari: jina la boti, idadi ya watu, saa ya kuondoka, saa ya kufika, namba ya mtu anayewasubiri.

Nililipitia daftari hilo mara ya mwisho nilipokwenda. Safari 41 zilikuwa na saa ya kuondoka na saa ya kufika. Safari tisa zilikuwa na saa ya kuondoka tu. Nikamuuliza Mwenyekiti kuhusu hizo tisa.

"Walifika," akasema. "Wamesahau kusema."

Nikamuuliza amejuaje. Akalivuta daftari upande wake, akatafuta ukurasa, akatoa simu.